Faini ya Peni Sita

Jumapili, saa mbili asubuhi, mbele ya duka la mikate:
tuko saba, na mvua ni wa nane.
Zafar anabonyeza matairi kwa kidole gumba
kama mtu anunuaye parachichi.
Dewhirst anaulaani mnyororo wake, kisha anauomba radhi.
Wahenga walinena, mchumia juani hulia kivulini.
Hawakupata kufika Yorkshire.
Hapa tunachumia mvuani na tunalia mvuani,
kwa maana zote mbili.

Klabu yetu imeitangulia lami ya barabara hii.
Noreen Barraclough, katibu, ana miaka themanini na moja;
magoti yake yamejiuzulu, yeye bado.
Hutungoja kileleni mwa Slack Brow
ndani ya gari lake la kijani,
na chupa ya chai,
na daftari la mikutano ndani ya mfuko wa mkate.

Humo wamo wote.
Wamo waliopanda gurudumu kubwa mbele, dogo nyuma,
wakachungulia juu ya kuta za mawe hadi vyumbani mwa watu,
na walipoanguka, walianguka toka kimo cha farasi.
Wamo wa alfajiri,
enzi zile kushindana barabarani kulikuwa jambo la siri:
mavazi meusi kisigino hadi shingo,
mahali pa kukutania pameandikwa kwa mafumbo,
kama wezi, ila walichoiba ni dakika tu.
Wamo kumi na mmoja wa ukurasa mmoja, wakati wa vita,
kila jina limepigiwa mstari,
na safari ya Jumapili imeahirishwa,
imeahirishwa,
imeahirishwa.

Wiki iliyopita Noreen alifungua penye doa la chai, akasoma:
Mei tisa, mwaka elfu moja mia nane tisini na saba.
Binti Hephzibah Oldroyd, mfumaji wa kiwandani,
atozwe peni sita
kwa kumpita nahodha mlimani
na kutogeuka alipoitwa.

Tukacheka. Kisha kicheko kikatuishia mkononi, na vikombe.
Saffron, mtoto wa fundi bomba, ana miaka kumi na sita
na hutupita sote kila wiki.
Akauliza: "Alilipa?"
Noreen akashusha kidole. Alilipa.
Na chini yake, kwa wino mwingine:
Hakuhudhuria tena.

Sijui peni sita ilikuwa saa ngapi za kelele za mitambo.
Mimi hutengeneza saa za ukutani.
Najua jinsi chembe ya vumbi
inavyosimamisha mnara mzima.

Palepale, kofia zikichuruzika, tukapiga kura: arudishiwe.
Sita wakaunga mkono.
Dewhirst akataka kwanza kujua habari ya riba.
Ila deni la marehemu hupelekwa wapi?
Kaburi lake hatulijui,
wala kama aliolewa, wala kama aliiuza baiskeli
au aliiacha ghalani ikaliwa na kutu.

Leo Dewhirst, yuleyule wa riba,
amekuja na sarafu ya peni sita,
ile aliyoivaa mkewe ndani ya kiatu siku ya harusi yao.
Hakusema neno.
Akapiga goti kwenye dimbwi
akaifunga kwa utepe chini ya kiti cha Saffron.

Slack Brow ni mlima usio na adabu:
hukuonyesha kilele, halafu hukunyang'anya.
Kondoo walitutazama kama wadai.
Kwenye kona ya kwanza Zafar alishuka, akasema anasikiliza gia.
Kwenye ya pili nilibaki na pumzi zangu tu, na mgongo wa Saffron
ukipanda, amesimama juu ya pedali,
spoki zikirusha maji pande zote.

Nahodha mwaka huu ni mimi.
Kuita ni wajibu wangu, umo katika kanuni.
Nikakusanya sauti yote iliyosalia kifuani, nikaita:

"Usigeuke!"

Huko juu, ukunguni,
dirisha la gari la kijani likashushwa.